Benchi la Miti ya Zizi

Viti vilichukuliwa wageni wakiwa bado wamevikalia.

Vilikuwa viti sita vya ofisi ya tawi la chama. Salu aliviazima asubuhi kwa maneno mazuri, akaahidi kuvirudisha jioni. Wageni walikuwa watu wa Sola, upande wa Maswa, waliokuja kuzungumza mahari ya binti yake Felisita. Mazungumzo yalikuwa yamefika ng'ombe wa tisa. Mahona, baba wa kijana, alikuwa ameshika vijiti vyake vya kuhesabia, kijiti kimoja kwa ng'ombe mmoja, na cha kumi alikuwa amekiinua lakini hajakiweka chini. Ndipo mgambo wawili walipoingia uani.

"Ndugu Salu, samahani," alisema mmoja. "Katibu amefika kutoka Bariadi bila taarifa. Viti vinatakiwa tawini."

"Sasa hivi?"

"Amesimama."

"Na hawa wangu?"

Mgambo aliwatazama wageni mmoja mmoja. "Hawa si wamekaa tangu asubuhi?"

Wageni waliinuka. Hakuna aliyewaambia wainuke, lakini mtu akishika mgongo wa kiti chako huna la kufanya ila kuinuka. Mahona aliinuka wa mwisho, kijiti cha kumi bado kiko mkononi. Alikuwa mzee mrefu, na aliposimama pale juani bila kiti alionekana mrefu zaidi.

Hapo Salu akafanya kosa kubwa kuliko la kuazima viti. Alikimbia jikoni, akarudi na kinu cha mkewe, akakipindua mbele ya mzee, akakipangusa kwa mkono.

"Karibu, bhabha."

Mahona alikitazama kinu. Mke wa Salu, Nyanjige, aliyekuwa mlangoni, alifunika uso kwa khanga. Kinu hakikaliwi. Hata mtoto anayeanza kutembea anajua hivyo.

"Tumekuja kuoa," alisema Mahona, "hatukuja kutwangwa."

Alivikusanya vijiti vyake tisa akaviweka mfukoni. Kile cha kumi alikitupa. Alisema watarudi mvua zikishakolea, baada ya Krismasi. Wakikuta pa kukaa, wataendelea kuhesabu. Wasipokuta, basi Kristofa mwanawe ni kijana mzima mwenye macho, na mabinti hawakuisha Bariadi.

Waliondoka bila kuonja michembe, viazi vikavu walivyopikiwa.

*

"Kinu," alisema Nyanjige walipobaki peke yao.

"Nilichanganyikiwa."

"Kinu, baba Felisita! Si ungemletea na mchi ajiegemeze!"

Felisita alikuwa ndani, analia na kucheka kwa zamu. Alimpenda Kristofa. Walikuwa wameonana kwenye ngoma za mavuno, na tangu hapo kijana alikuwa anatembea kutoka Sola mpaka hapa kuuliza kama kuna mbuzi wa kuuzwa. Mbuzi hakuwahi kununua hata mmoja.

Vigoda vya nyumba hiyo vilipotea mwaka uliotangulia, wakati wa kuhamia kijiji cha ujamaa. Lori lilipakia mara moja tu, na mtu alipakia alichokiona muhimu. Salu alipakia jembe la kukokotwa, magunia ya mtama, mitungi, na mlango wa nyumba yake ya zamani. Mlango huo ulikuwa mbao mbili nene za mninga zilizounganishwa, urithi wa baba yake. Nyumba mpya ilipojengwa kwa vipimo vya kijiji, mlango haukuingia. Ukabaki umeegemea ukuta wa nyuma, kuku wakilala juu yake.

Kesho yake Salu alikwenda kwa Selestini, mwenyekiti wa tawi, kulalamika. Selestini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye viti sita na wakubwa kumi.

"Ningefanyaje, Ndugu Salu? Ningemwacha katibu asimame?"

"Umemsimamisha mkwe wangu."

"Siku ukiwa na viti vyako nitakuja kuazima kwako. Hapo ndipo utajua shida yangu."

Alisema hivyo akicheka. Salu hakucheka. Alipitiliza moja kwa moja mpaka Somanda, kwa Khatibu.

*

Khatibu alikuwa seremala mwenye duka, mtu mfupi wa kofia nyeupe, ambaye wazee wake walitoka Ujiji. Alikuwa anapiga randa mlango, vumbi la mbao limejaa kwenye ndevu.

"Kiti kimoja bei gani?" aliuliza Salu baada ya salamu.

"Mninga, arobaini. Cha mtu anayemjua Mungu, thelathini na nane."

"Na sita?"

"Zidisha mwenyewe."

Salu alizidisha. Hela ya pamba ya mwaka huo ilikwishaingia kwenye nyumba mpya, na ya mwaka ujao ilikuwa bado mbegu.

"Niazime msumeno," alisema.

Khatibu aliacha randa. "Wewe? Umewahi kutengeneza nini, Mzee Salu?"

"Mipini ya majembe."

"Mpini una mguu mmoja, na wewe ndiye unayeushika usianguke. Kiti kina minne, na hakuna anayekishika." Alicheka mpaka akaketi. Akauliza msumeno ni wa nini hasa, na Salu, ambaye hakuzoea kueleza aibu zake, akamweleza yote, viti, mgambo na kinu. Khatibu aliacha kucheka Salu alipofika kwenye viti. Alipofika kwenye kinu akaanza tena.

Mwishowe aliutoa msumeno ukutani, akaupangusa kwa kanzu yake.

"Huu umenilisha miaka kumi na miwili. Ukirudi umepungua jino, jino moja kuku mmoja. Na usiusukume kwa hasira. Mbao haijakukosea."

Akamuuzia na misumari robo kilo, shilingi mbili.

*

Kiti cha kwanza kiliyumba. Salu alikata mguu uliozidi, kikayumba upande wa pili. Alikata na huo. Kufikia jioni kiti kilikuwa kimeshuka mpaka Nyanjige akapita na kibuyu, akakikalia, akakamua ng'ombe.

"Hiki kizuri," alisema. "Tengeneza kingine kama hiki, nitakuwa naweka miguu."

Cha pili hakikuyumba. Kilivunjika. Aliyekikalia alikuwa Salu mwenyewe, na majirani wawili waliokuwa wanapita njiani walisimama kutazama anavyoinuka.

"Unajenga nini, bhabha?"

"Kiti."

"Aa. Tulidhani kuni."

Lakini jambo fulani lilikuwa limempata Salu. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na maisha yake yote kazi ilikuwa kupanda na kupalilia kitu ambacho mvua ndiyo ingeamua kiwe nini. Sasa alikuwa akishika mbao, akiikata hapa, inakuwa fupi hapa. Akikosea ni yeye amekosea, akipatia ni yeye. Alianza kuamka kabla ya kuku. Alipiga miluzi. Alipojiponda kidole gumba cha kushoto kwa kisogo cha shoka, maana nyundo hakuwa nayo, alitukana kwa Kisukuma mpaka Felisita akaziba masikio, kisha akaendelea na miluzi palepale alipoachia.

"Baba anapenda viti kuliko mimi," alisema Felisita.

"Shika hapa, nyamaza," alisema Salu. "Kaza. Hivyo, mayu, mama yangu."

Siku mbili hakwenda shamba la ujamaa. Jina lake likasomwa mkutanoni, mbele ya wanaume na wanawake, na mtu akauliza kwa sauti kama ni mgonjwa. "Anatengeneza kiti," jirani akajibu, na mkutano mzima ukaangua kicheko. Salu alirudi nyumbani masikio yakiwaka moto, akashika msumeno.

Siku ya sita ndipo alipopata wazo. Lilitoka kwenye hasira, siyo kwenye ufundi. Alikuwa amekaa chini anatazama miguu minne ya kiti cha tatu, akiwaza kwamba hata kikisimama vizuri, kesho watakuja mgambo wakiondoe. Kiti chochote kinachoinuka, kinachukulika.

"Sitengenezi viti," alimwambia mkewe. "Natengeneza benchi. Refu, la watu sita. Na miguu yake naichimbia ardhini mpaka gotini, naishindilia na mawe. Halitayumba, maana haliwezi. Na aje mtu aniambie anataka kuliazima."

Nyanjige alifikiri. "Kwa mara ya kwanza wiki hii umesema kitu chenye akili."

Kwa ajili ya kukalia aliupasua mlango wa baba yake, akapata mbao mbili za kulaza sambamba. Msumeno ulikutana na msumari wa zamani uliojificha ndani ya mninga, ukapoteza meno mawili. Katikati ya ubao mmoja lilibaki tundu la komeo, la kutosha kupita kidole.

Miguu aliifuata kwenye mahame yake, mwendo wa saa mbili. Nyumba ya zamani ilikuwa imebaki kichuguu cha udongo, lakini nguzo za zizi zilikuwa bado zimesimama, zile za miti laini ya magome ya kijivu ambayo watu wa huku huichomeka ardhini kuwa ua wa ng'ombe. Hazikuwa na jani hata moja. Ng'ombe walikuwa wamezitafuna na kuzisugua miaka mingi, na moto wa nyika ulikuwa umepita chini yake. Salu alikata nane, zilizonyooka, akazibeba kwa baiskeli ya kuazima.

"Umekwangua gome ukaangalia ndani?" aliuliza Nyanjige.

"Ya nini kukwangua? Zimekufa hizi. Tazama."

"Mimi nakuuliza tu kama umekwangua."

"Mama Felisita, seremala ni nani hapa?"

Nyanjige alitazama kidole gumba cha seremala kilichovimba.

Siku ya tisa benchi lilikuwa limesimama chini ya upenu, miguu minne mbele na minne nyuma. Salu alilikalia, akaruka juu yake, akamwita Felisita na mama yake wote wakalikalia, akawaita wale majirani wawili nao wakalikalia. Benchi halikusogea hata unywele. Mmoja wa majirani alijaribu kulitikisa kwa nguvu zake zote, akashindwa, akaomba maji.

*

Mvua zilianza Novemba. Wiki ya tatu ya mvua Nyanjige alikuwa anafagia chini ya upenu, akasimama, akainama, akaita.

"Seremala!"

Salu alitoka.

"Njoo uangalie maiti zako."

Mguu wa tatu wa nyuma ulikuwa umetoa vitumba viwili vya kijani. Wa pili ulikuwa na jani kamili, dogo, linang'aa. Salu alichuchumaa, akawa anautazama mguu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayekagua meno ya punda. Miguu saba kati ya minane ilikuwa hai.

Felisita alikuja, akaona, akaketi chini kwenye matope akicheka. Kisha akaacha. "Baba, wakija wakaona hivi? Mara ya kwanza kinu, mara ya pili kichaka. Watasema nyumba hii haina adabu. Kristofa baba yake atamkataza hata kupita hapa."

"Hawataona."

Tangu siku hiyo kazi ya kwanza ya Salu kila asubuhi ilikuwa kuchuma benchi. Alipita mguu kwa mguu, akinyofoa kila kilichojitokeza, naye akilisema benchi kwa sauti ya chini kama mtu anayemsema mtoto mbele ya wageni. Kadiri alivyonyofoa ndivyo lilivyoota. Mbuzi walijua saa yake, wakawa wanamsubiri. Nyanjige alishauri akate miguu yote aanze upya, lakini Krismasi ilikuwa imefika, na msumeno ulikwisharudi kwa Khatibu pamoja na kuku wawili.

*

Watu wa Sola walikuja siku ya nne baada ya Krismasi, watano, wamevaa viatu. Kristofa alikuwa nyuma yao. Kwa desturi alipaswa kukaa mbali, akakaa mbali, kule kwenye mbuzi.

"Mwangaluka," alisema Mahona.

"Mwangaluka, bhabha. Karibuni. Karibuni mkae."

Mahona hakukaa mara moja. Alilizunguka benchi. Alilibonyeza kwa mkono, kisha kwa goti. Salu alikuwa amechuma asubuhi mara mbili, na Nyanjige alikuwa amepaka majivu kwenye magome. Mwishowe mzee aliketi, akasogea kidogo kulikwepa tundu la komeo, akatoa vijiti vyake mfukoni.

"Tuliishia tisa," alisema.

Hakuna aliyekuwa amesahau. Uji wa mtama uliletwa, na maziwa mgando, na safari hii wageni walionja. Kijiti cha kumi kiliwekwa. Cha kumi na moja kilibishaniwa kidogo kwa heshima, kikawekwa. Salu alianza kupumua.

Mgambo wawili waliingia uani.

Walikuwa walewale. "Ndugu Salu, samahani. Wageni wa Bariadi wamekuja wengi, mkutano wa kilimo cha pamba. Viti vya tawi havitoshi. Mwenyekiti anasema ulikubaliana naye, ukiwa na vyako ataazima kwako."

Salu aliweka chini bakuli lake la uji. Wageni wanne waliinuka wenyewe, maana sasa walikuwa wamezoea. Mahona hakuinuka.

"Chukueni," alisema Salu kwa upole. "Mkiweza."

Mgambo mmoja alishika ncha hii, mwenzake ncha ile. "Moja, mbili, tatu!" Benchi lilitulia. Walitema mate viganjani. "Moja, mbili!" Mmoja wao mkono ulimteleza, akakaa kitako kwenye tope. Mahona aliendelea kukaa huku wakivuta, mgongo umenyooka, kama mtu aliyepanda lori. Yule aliyeanguka aliinama kuangalia kinacholizuia. Akaingiza kichwa chini ya benchi. Kisha sauti yake ikasikika kutoka huko chini:

"Limeota!"

"Limefanya nini?"

"Limeota, mwenzangu. Lina majani!"

Nyanjige alisimama mlangoni na kibuyu. Felisita, aliyekuwa dirishani, alirudi nyuma kama mtu aliyechapwa. Mahona alipeleka mkono nyuma ya muundi wake, akapapasa, akautoa ukiwa na kikonyo cha majani matatu ambacho Salu hakukiona asubuhi. Alikinusa. Akampa ndugu yake, naye akakinusa.

"Mti huu naujua," alisema Mahona. "Tunazungushia zizi."

"Ndiyo, bhabha."

"Umeukata wapi?"

"Zizi langu la zamani. Kule mahame."

"Ulijua kuwa uko hai?"

Salu angeweza kusema alijua. Angeweza kusema ni mtindo mpya kutoka Somanda. Alimtazama mkewe. "Sikujua. Mke wangu aliniambia nikwangue gome, sikukwangua. Nilidhani umekufa."

Mahona aliinama akatazama miguu ya benchi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Benchi halikutikisika, lakini yeye alitikisika sana, na kicheko kilipotoka kilikuwa kikubwa mpaka mbuzi wakakimbia na Kristofa akainuka kutazama kama kuna mtu kapigwa.

"Mimi zizi langu nalo niliacha huko mahame," alisema akifuta machozi. "Nimelililia mwaka mzima. Huyu lake limemfuata mpaka mlangoni, na anakaa anachuma majani! Unachuma, siyo? Nimeona makovu."

"Kila asubuhi, bhabha."

"Acha. Liache liote, utapata kivuli." Aliwageukia mgambo. "Nendeni mkamwambie mkubwa wenu benchi hili haliazimwi. Safari ile nilisimamishwa. Leo nimepata kiti kisichotoka, na mimi sitoki. Akitaka kukaa aje mwenyewe. Ndugu zangu, kaeni, nani aliwaambia msimame?"

Mgambo walikwenda. Baada ya muda alikuja Selestini mwenyewe, na nyuma yake katibu wa Bariadi, aliyesikia kwamba kuna benchi lenye majani akataka kuliona. Alichuchumaa na suruali yake ya kupigwa pasi, akachungulia, akainuka anacheka. Kulikuwa na nafasi moja iliyobaki, kwenye tundu la komeo. Akapewa hiyo. Alikaa hapo, akijisogeza mara huku mara kule, mpaka kijiti cha kumi na nne kilipowekwa na Nyanjige akapiga vigelegele mpaka vikasikika tawini, ambako watu thelathini walikuwa wanasubiri mkutano wa pamba wakiwa wamesimama.

Felisita aliondoka mwezi wa Julai, pamba ilipokwisha kuuzwa. Benchi lilikuwa na kivuli cha kumtosha mbuzi mmoja.

Lilimgharimu Salu misumari ya shilingi mbili. Kuku wawili, kwa meno mawili ya msumeno. Mlango wa baba yake. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto, ulioota tena, na ukaota kombo. Siku tisa za kulima, na jina lake kusomwa mkutanoni. Na binti mmoja, ambaye kila alipokuja kutoka Sola alikaa kwanza pale mwisho, kwenye mguu wa nane, ule ambao haukuwahi kuota, akaukwangua gome kwa ukucha kuangalia.